Jinsi Kondoo Anavyoondoa Seleniamu Iliyozidi Mwilini

Katika majira ya joto ya mwaka 1907 na mwaka 1908, wafugaji wa jimbo la Wyoming, huko Marekani, walipoteza maelfu ya kondoo katika nyanda zilizo kaskazini ya mji mdogo wa Medicine Bow. Wakati ule chanzo cha msiba huo hakikujulikana. Ilipofika miaka ya 1930 ndipo wanakemia, wakiwamo O. A. Beath na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wyoming, walipobainisha kwamba ardhi ya sehemu hizo ina elementi iitwayo seleniamu, na kwamba iko mimea ya porini inayoikusanya elementi hiyo kwa wingi wa kutisha. Kondoo mwenye njaa, akiila mimea hiyo, hula sumu.

Baadaye sayansi ilileta habari iliyoonekana kupingana kabisa na hiyo ya kwanza. Mwaka 1958 watafiti wa jimbo la Oregon, O. H. Muth na wenzake, walionyesha kwamba wanakondoo waliokuwa wakifa kwa ugonjwa wa misuli myeupe waliweza kukingwa kwa kupewa kiasi kidogo sana cha seleniamu. Kitu kilichoua kondoo Wyoming kiliokoa kondoo Oregon.

Mwanafunzi wa biolojia hana budi kuuliza: je, mwili wa kondoo unawezaje kukihitaji kitu na papo hapo kukiogopa? Unakipokea vipi, unakipima vipi, na kile kilichozidi unakitoa kwa njia gani? Makusudi ya makala haya ni kuyajibu maswali hayo hatua kwa hatua, tangu majani yaingiapo mdomoni mwa mnyama hadi masalio yanaporudi ardhini na hewani.

Elementi yenye sura mbili

Seleniamu iligunduliwa mwaka 1817 na mwanakemia wa Sweden, Jöns Jacob Berzelius, katika mashapo yaliyobaki baada ya kutengenezwa asidi ya salfa. Aliipa jina litokanalo na neno la Kigiriki lenye maana ya mwezi. Namba yake ya atomi ni 34, nayo katika jedwali la elementi hukaa chini kidogo ya salfa, katika kundi moja nayo. Ujirani huo ndio ufunguo wa mambo mengi yatakayoelezwa hapa. Elementi za kundi moja hufanana tabia. Kwa hiyo seleniamu inaweza kuingia mahali pa salfa katika molekuli nyingi za viumbe hai. Lakini kufanana si kuwa sawa. Atomi ya seleniamu ni kubwa kuliko ya salfa, hutoa elektroni zake kwa urahisi zaidi, na michanganyiko yake huingia katika mabadiliko ya kikemia kwa wepesi zaidi.

Mwili wa mnyama hutumia wepesi huo kwa faida yake. Mwaka 1957 Klaus Schwarz na Calvin Foltz walionyesha kwamba seleniamu huzuia kuoza kwa ini katika panya waliopewa chakula chenye upungufu. Mwaka 1973 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walieleza sababu mojawapo: seleniamu ni sehemu ya kimeng'enya kiitwacho glutathioni peroksidezi. Kazi ya kimeng'enya hicho ni kuziharibu peroksaidi, ambazo ni mazao makali ya oksijeni yanayozaliwa ndani ya seli kila wakati, na ambayo yasipodhibitiwa hutoboa na kuchakaza utando wa seli. Misuli ya mwanakondoo asiye na kinga hii hudhoofika na kupauka, na hapo ndipo ugonjwa wa misuli myeupe ulipopata jina lake.

Hata hivyo, kiasi kinachohitajika ni kidogo mno. Kwa kondoo, chakula chenye miligramu 0.1 hadi 0.3 za seleniamu katika kila kilo ya majani makavu hutosha. Kikipungua sana chini ya hapo, upungufu huonekana. Kikifikia miligramu 5 katika kilo, mnyama yumo katika mpaka wa hatari iwapo ataendelea kula chakula hicho kwa muda mrefu. Ni madini machache tu yenye njia nyembamba namna hii kati ya dawa na sumu.

Hesabu ndogo itasaidia. Kondoo mwenye uzito wa kilo 50 na alaye kilo 1.5 za chakula kikavu kwa siku hupata miligramu 0.15 za seleniamu iwapo chakula chake kina miligramu 0.1 katika kilo. Kondoo huyo huyo akihamishiwa kwenye malisho yenye miligramu 5 katika kilo, atapata miligramu 7.5 kwa siku, yaani mara 50 zaidi. Na akikutana na mmea unaokusanya seleniamu, wenye miligramu 1,000 katika kilo, gramu 100 tu za mmea huo zitampa miligramu 100, yaani miligramu 2 kwa kila kilo ya mwili wake. Kiasi hicho, kikimezwa kwa mara moja, chaweza kumwua.

Sura za seleniamu katika malisho

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba kondoo hali seleniamu tupu. Huila katika sura mbalimbali, na kila sura ina mwenendo wake mwilini.

Katika udongo mkavu wenye asili ya alkali, kama ule wa nyanda za Wyoming na South Dakota, seleniamu hupatikana hasa kama seleneti, yaani chumvi ambayo atomi moja ya seleniamu imeshikana na atomi nne za oksijeni. Seleneti huyeyuka vema katika maji, na mizizi huifyonza kwa urahisi. Katika udongo wenye asidi na chuma kingi, seleniamu huwa zaidi kama selenaiti, yenye atomi tatu za oksijeni, nayo hung'ang'ania chembe za udongo. Ndiyo sababu udongo wa namna mbili unaweza kuwa na seleniamu sawa, lakini malisho ya mmoja yakawa ya sumu na ya mwingine yakawa na upungufu.

Ndani ya mmea, seleniamu huingizwa katika asidi za amino. Nyasi na nafaka kama ngano huifanya kuwa selenomethionini, ambayo ni asidi ya amino ya methionini iliyobadilishwa salfa yake kwa seleniamu. Mimea ikusanyayo seleniamu, kama vile *Astragalus bisulcatus* wa jamii ya kunde, huifanya kuwa methiliselenosisteini, ambayo haiingii katika protini za mmea wenyewe. Kwa hila hiyo mmea hujilimbikizia kiasi kikubwa bila kujidhuru. Kondoo anayeula hana hila kama hiyo. Yeye hutegemea viungo vyake.

Tumbo la kwanza: mlinzi wa lango

Kondoo ni mnyama anayecheua, na tumbo lake lina sehemu nne. Majani yaliyotafunwa kidogo huingia kwanza katika sehemu iliyo kubwa kuliko zote, ambamo mna bakteria na vijidudu wengine wasiohesabika. Humo hamna oksijeni. Vijidudu hao huishi kwa kuvunja nyuzi za majani, na katika kazi yao huzipokonya kemikali nyingi oksijeni zilizo nazo.

Selenaiti na seleneti haziponi katika mazingira hayo. Bakteria huzipokonya oksijeni mpaka sehemu kubwa yake inageuka kuwa seleniamu tupu, au selenaidi za metali, ambazo ni michanganyiko ya seleniamu na metali isiyoyeyuka katika maji. Kitu kisichoyeyuka hakipenyi ukuta wa utumbo. Hupita moja kwa moja na kutoka pamoja na kinyesi.

Umuhimu wa mlinzi huyu ulionekana wazi mwaka 1966, P. L. Wright na M. C. Bell walipolinganisha kondoo na nguruwe. Waliwapa wanyama hao selenaiti iliyotiwa seleniamu nururifu, ili waweze kuifuata njia yake kwa vipimo. Nguruwe, ambaye tumbo lake ni moja na hacheui, alifyonza karibu asilimia 85 ya kiasi alichopewa. Kondoo alifyonza karibu theluthi moja tu. Ilionekana pia kwamba ufyonzaji wenyewe haufanyiki katika matumbo ya mwanzo, bali katika utumbo, baada ya chakula kupita mikononi mwa bakteria.

Kutokana na hayo hupatikana kanuni moja iliyo rahisi kukumbuka. Seleniamu iliyoliwa na kondoo hutoka zaidi kwa njia ya kinyesi. Seleniamu iliyodungwa kwa sindano hutoka zaidi kwa njia ya mkojo. Tofauti hiyo haitokani na figo wala ini. Inatokana na kwamba sindano humpita mlinzi wa lango.

Kanuni hiyo ina maana kubwa kwa usalama wa mifugo. Majaribio yaliyofanywa New Zealand na kutangazwa mwaka 1970 yalionyesha kwamba karibu miligramu 0.45 za seleniamu kwa kila kilo ya uzito, zikidungwa msulini katika sura ya selenaiti, huua nusu ya wanakondoo wanaopewa. Kwa njia ya mdomo kiasi kinachohitajika kuleta madhara kama hayo ni kikubwa zaidi mara kadhaa. Dozi ya kawaida ya kinga kwa sindano ni karibu miligramu 0.1 kwa kilo. Basi kati ya dozi ya kinga na dozi ya kifo pana nafasi ya mara nne au tano tu. Mtu akikosea nukta moja ya desimali, akampa mwanakondoo wa kilo 10 miligramu 10 badala ya miligramu 1, amekwisha kuuvuka mpaka huo kwa mbali.

Mlinzi huyu, hata hivyo, ana udhaifu wake. Selenomethionini na asidi nyingine za amino zenye seleniamu hazigeuzwi kwa ukamilifu kama zinavyogeuzwa chumvi. Sehemu yake huponyoka, na nyingine huingizwa katika miili ya bakteria wenyewe, ambao baadaye humeng'enywa katika utumbo wa kondoo kama chakula kingine chochote. Kwa hiyo seleniamu ya majani huingia damuni kwa wingi zaidi kuliko seleniamu ya chumvi.

Ini: karakana ya kubadilisha sumu

Seleniamu iliyofyonzwa huchukuliwa na damu hadi kwenye ini. Humo selenaiti hukutana na glutathioni, molekuli ndogo yenye salfa, ambayo ni akiba kuu ya kinga katika seli. Glutathioni huipokonya selenaiti oksijeni zake hatua kwa hatua mpaka inakuwa selenaidi, ambayo katika hali ya gesi huandikwa H₂Se. Asidi za amino zenye seleniamu nazo, zikivunjwa, huishia hapo hapo au karibu yake.

Selenaidi ni kama njia panda. Ikiwa mwili una haja, seleniamu huchukuliwa kutoka hapo ikatumika kutengeneza glutathioni peroksidezi na protini nyingine zenye seleniamu. Haja hiyo ikiisha kutimizwa, protini hizo haziongezeki tena hata mnyama aendelee kula kiasi gani. Inayobaki ni ziada, na selenaidi haiwezi kuachwa izurure katika seli, kwa sababu ni kali. Ni lazima itolewe.

Njia itumiwayo na ini ni kuiongezea selenaidi kundi la methili, yaani atomi moja ya kaboni na atomi tatu za haidrojeni. Kundi hilo hutokana na methionini iliyokwisha kutiwa nguvu maalum ndani ya seli. Kundi moja likiongezwa, halafu la pili, halafu la tatu, ukali wa seleniamu hupungua sana, na mazao yanayopatikana hutoka mwilini kwa wepesi.

Hapa msomaji aone kwamba usafishaji huu una gharama. Kila atomi ya seleniamu inayoondolewa hutumia molekuli kadhaa za glutathioni na kundi moja au zaidi ya methili. Vitu hivyo viwili vinahitajika pia kwa kazi nyingine nyingi za seli. Ziada ikiwa ndogo, ini hulipa gharama bila taabu. Ziada ikiwa kubwa na ya ghafla, akiba huisha kabla ya kazi kwisha.

Njia za kutokea

Njia ya kwanza ni figo. Mwaka 2002 watafiti wa Japani walibainisha kwamba katika mkojo wa panya seleniamu hutoka hasa ikiwa imeshikanishwa na sukari, pamoja na kundi moja la methili, wakati kiasi kilicholiwa kinapokuwa cha kawaida au kimezidi kidogo. Kiasi kikifikia kiwango cha sumu, huongezeka ioni yenye makundi matatu ya methili, iitwayo trimethiliselenoniamu, ambayo watafiti wa South Dakota walikwisha kuitambua katika mkojo wa panya mwaka 1969. Mkojo ndio mizani ya mwili. Mnyama mwenye upungufu hutoa seleniamu kidogo sana mkojoni. Kadiri chakula kinavyozidi haja, ndivyo mkojo nao unavyozidi kuitoa. Mwili hauna mlango madhubuti wa kuikataa seleniamu iliyoyeyuka isiingie, kwa hiyo huipima wakati wa kutoka.

Njia ya pili ni mapafu. Selenaidi yenye makundi mawili ya methili ni kimiminika kinachogeuka mvuke kwa urahisi. Mvuke huo huchukuliwa na damu hadi mapafuni, ukatoka pamoja na pumzi, na harufu yake hufanana na ya kitunguu saumu. Katika kondoo aliye katika hali ya kawaida njia hii haina uzito. Lakini mnyama akiisha kula kiasi kikubwa, njia za mkojo huelemewa, na pumzi huanza kunuka. Mfugaji anayeisikia harufu hiyo kwa kondoo ambaye hakula kitunguu ajue kwamba anaona alama ya ini lililo katika mapambano.

Njia ya tatu ni utumbo. Mbali na ile seleniamu ambayo haikufyonzwa tangu mwanzo, kiasi kidogo hutoka katika ini kupitia nyongo, na kingine huingia utumboni pamoja na majimaji ya kumeng'enyea chakula. Sehemu yake hufyonzwa tena, na inayosalia hutoka.

Ziko pia njia ndogo ndogo. Sufu huundwa kwa protini yenye salfa nyingi, na seleniamu hujipenyeza humo. Kila kondoo anaponyolewa, sehemu ya mzigo huondoka naye haijui. Maziwa nayo hubeba seleniamu, na kondo la nyuma huipitisha kwa mimba. Njia hizi mbili humpunguzia mama mzigo, lakini humtwika mtoto.

Kinachotoka hakirudi mara moja katika malisho. Watafiti wa New Zealand, P. J. Peterson na D. J. Spedding, walionyesha mwaka 1963 kwamba seleniamu iliyomo katika kinyesi cha kondoo huwa zaidi katika sura isiyoyeyuka, na mimea huifyonza kwa kiasi kidogo sana. Bakteria wa tumbo la kwanza, basi, humlinda kondoo leo na hulinda pia malisho ya kesho.

Ghala lililofichika

Iwapo njia za kutokea ni nyingi hivyo, mbona kondoo aliyetolewa katika malisho yenye seleniamu nyingi huendelea kuwa nayo mwilini kwa majuma na miezi?

Jibu limo katika selenomethionini. Mitambo ya seli inayounda protini haiwezi kuitofautisha na methionini ya kawaida. Kwa hiyo huiingiza katika protini za misuli, ini, figo na damu, popote ambapo methionini ingekaa. Huko haiko kwa sababu mwili unaitaka. Iko kwa sababu ya kufananishwa. Haitaguswa na ini mpaka protini iliyoibeba ivunjwe, na protini za misuli huvunjwa polepole. Hali kadhalika, seleniamu iliyomo katika chembe nyekundu za damu huwamo tangu chembe hizo zinapoundwa, na haitoki mpaka zizeeke na kufa, jambo ambalo kwa kondoo huchukua miezi kadhaa.

Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho nacho hupungua kwa haba na haba. Kondoo aliyepewa selenaiti huisafisha kwa haraka. Kondoo aliyekula nafaka au nyasi zenye selenomethionini kwa majira mazima hubeba ghala linalovuja taratibu. Ghala hilo laweza kuwa faida iwapo malisho yajayo yana upungufu, na laweza kuwa hasara iwapo yana ziada.

Kinga inaposhindwa

Dozi kubwa ya mara moja huishinda kinga kwa kasi. Selenaiti inapoiteketeza glutathioni, huzalisha papo hapo aina kali za oksijeni, zile zile ambazo seleniamu ya kiasi husaidia kuziondoa. Moyo na mapafu ndivyo vinavyoumia upesi. Kondoo husimama kwa unyonge, kichwa kikiwa chini, hupumua kwa shida, povu huweza kuonekana puani, na kifo huja katika saa chache au siku chache. Mapafu yakipasuliwa hukutwa yamejaa maji, na misuli ya moyo imeharibika. Ni ajabu ya kusikitisha kwamba ziada na upungufu wa elementi moja vyote viwili huweza kuharibu moyo wa mwanakondoo.

Sumu iingiayo polepole huonekana kwa njia nyingine. Daktari wa jeshi la Marekani, T. C. Madison, aliandika mwaka 1860 juu ya farasi wa ngome ya Fort Randall, waliopoteza nywele za shingo na mkia na kuumwa kwato. Leo hali hiyo huhesabiwa kuwa ni sumu ya seleniamu. Kondoo kwa kawaida haonyeshi dalili hizo za kwato kama farasi na ng'ombe. Kwake madhara hujitokeza zaidi katika uzazi na ukuaji. Kwa hiyo mfugaji anayengoja kuona kwato zikimomonyoka ndipo awashughulikie kondoo wake huenda akachelewa.

Inafaa pia kusahihisha jambo moja lililoandikwa katika vitabu vingi vya zamani. Ugonjwa wa mifugo kuyumbayumba na kuonekana kama vipofu, uliowahi kudhaniwa kuwa ni wa seleniamu, sasa wachunguzi wengi wanauona kuwa ulitokana na sababu nyingine, kama vile sumu nyingine za mimea hiyo ya jamii ya kunde au maji na malisho yenye salfeti nyingi. Sayansi husonga mbele kwa kurekebisha hata maelezo yaliyozoeleka.

Je, usafishaji unaweza kusaidiwa?

Salfeti katika chakula hupunguza kwa kiasi fulani ukali wa seleneti, kwa kuwa ndugu hao wawili hushindania njia moja ya kuingilia. Lakini haisaidii sana dhidi ya selenomethionini, ambayo hupita njia ya methionini. Alvin Moxon wa South Dakota aligundua katika miaka ya 1930 jambo la kushangaza zaidi: aseniki, iliyo sumu maarufu, ilipunguza sumu ya seleniamu katika panya. Baadaye ilieleweka kwamba elementi hizo mbili hushikana na glutathioni katika ini, zikatoka pamoja kwa njia ya nyongo. Hata hivyo hilo ni somo la kemia, wala si tiba ya kumpa mfugaji. Aseniki hupunguza utokaji wa seleniamu kwa njia ya pumzi, na huongeza ukali wa baadhi ya mazao yenye methili.

Hakuna dawa mahususi inayotegemewa kuitoa seleniamu kwa kondoo aliyekwisha kula dozi ya kifo. Msaada ulio wa kweli ni kumwondoa mnyama katika malisho mabaya mapema, kumpa chakula safi chenye protini ya kutosha, na kuuacha mwili ufanye kazi yake. Kinga ni kujua ardhi. Mwaka 1996 farasi waliokuwa wakilishwa karibu na machimbo ya zamani ya fosfeti, kusini mashariki mwa jimbo la Idaho, waligunduliwa kuwa na sumu ya seleniamu. Miamba iliyofukuliwa ilikuwa imeanikwa kwenye mvua, na seleniamu ikatiririka hadi katika mimea na vijito. Kondoo nao walikufa katika eneo hilo katika miaka iliyofuata. Elementi iliyokuwa imefungwa ndani ya mwamba kwa mamilioni ya miaka ilifunguliwa kwa majembe ya watu.

Kwa walimu na wanafunzi

Kondoo wa mkia mnene wa Afrika Mashariki ni wa spishi moja na kondoo wa Wyoming, *Ovis aries*, na viungo vyake hufanya kazi kwa kanuni hizo hizo. Kwa hiyo mwalimu anaweza kuitumia habari hii kuunganisha mada ambazo kwa kawaida hufundishwa mbali mbali: makundi ya jedwali la elementi, mmeng'enyo wa mnyama anayecheua, kazi za ini na figo, na mzunguko wa madini katika udongo.

Maswali haya yanafaa kujadiliwa darasani. Kwa nini dozi ile ile ya selenaiti ni hatari zaidi kwa sindano kuliko kwa mdomo? Mwanakondoo wa kilo 8 anastahili miligramu ngapi, ikiwa dozi ni miligramu 0.1 kwa kilo, na ni mililita ngapi za dawa yenye miligramu 2 katika mililita moja? Mfugaji amewadunga kondoo wake, kisha siku hiyo hiyo akawapa chakula kilichoongezwa seleniamu na jiwe la chumvi lenye seleniamu; ni kosa gani alilofanya, ingawa kila kimoja peke yake kilikuwa salama?

Mwanafunzi atakayelijibu swali la mwisho kwa usahihi atakuwa amepata kiini cha somo. Ini na figo haziulizi seleniamu imetoka wapi. Hupokea jumla yake. Anayepaswa kuijumlisha kabla haijaingia mwilini ni binadamu aliyeshika sindano.